Wauguzao walio mahututi nao wapimwe

Kuna maswali ambayo jamii hupenda kuyaahirisha mpaka siku yanapobisha hodi mlangoni. Mojawapo ni hili: mgonjwa wetu akishaambiwa na daktari kwamba hapana tena dawa ya kumponya, ni nani atakayemtunza, na tutajuaje kwamba anatunzwa vyema? Kuhusu shule tunajua kuuliza. Mzazi huulizia matokeo ya mtihani, hali ya mabweni na sifa za mwalimu mkuu. Hata fundi cherehani hatumpi kitambaa kabla ya kutazama suruali alizowashonea wengine. Lakini anapotokea mtu au shirika na kusema, "Nipeni mgonjwa wenu niwasaidie kumwuguza mpaka mwisho," sisi hushukuru tu na kuinamisha vichwa. Nani athubutuye kumkagua aliyekuja kutenda wema?

Safu hii inashikilia kwamba sharti akaguliwe, na tena kwa ukali zaidi kuliko mwalimu au fundi. Mwanafunzi aliyefundishwa vibaya aweza kurudia darasa. Nguo iliyoshonwa upogo hufumuliwa. Mtu hufa mara moja tu, na aliyekufa kwa mateso yasiyo ya lazima harudi kushtaki.

Tuanzie mahali panapojulikana. Laini Saba ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, wala haiko mbali na barabara ya Mbagathi. Mtu mzima wa afya aweza kutoka hapo kwa miguu akafika Hospitali Kuu ya Kenyatta bila kupanda matatu. Na ndani ya uwanja wa hospitali hiyo ndimo ilimo Hospisi ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1990 ikiwa ya kwanza nchini. Kwa hivyo mkazi wa Laini Saba hawezi kulalamika kama alalamikavyo mwenzake wa Mandera au Lodwar kwamba huduma hiyo ni ya kusafiria siku mbili. Lakini hesabu ya kilomita si hesabu ya mgonjwa. Vichochoro vya Kibera havipitishi gari, na vingine havipitishi hata mkokoteni. Mvua ikinyesha, mtaro na njia huwa kitu kimoja. Asiyeweza kusimama hutolewa kwa blanketi na wanaume wanne, na wanaume wanne saa nne asubuhi hawapatikani, kwani wako kwenye vibarua.

Na tumfikirie mama mmoja wa hapo, ambaye hatumpi jina kwa sababu si mmoja. Ana saratani ya mlango wa kizazi, iliyogunduliwa ikiwa imekwisha kuenea. Anaishi katika chumba cha futi kumi kwa kumi, kuta za udongo na paa la mabati, kilichogawanywa kwa pazia. Maji hununuliwa kwa mtungi. Ana watoto watatu, mkubwa akiwa binti wa miaka kumi na minne. Kidonda kinatoa harufu ambayo majirani wameanza kuisemea chinichini. Usiku maumivu yanapopanda, ukuta wenyewe ni mwembamba. Nyumba sita zinamsikia.

Wanakuja kwake watoa huduma wawili, siku mbalimbali. Wa kwanza wanafika kwa gari lenye maandishi ubavuni, nao wamevaa fulana za rangi moja. Wanaliacha gari barabarani, wanatembea, wanaingia. Wanaleta unga, sukari na sabuni, wanaomba dua, wanapiga picha, mama anatia kidole cha wino katika daftari, wanakwenda. Hatuwabezi. Unga huliwa, na dua ina mahali pake. Wa pili ni muuguzi mmoja aliyekuja kwa miguu na mkoba begani. Anaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, kwa kuwa kiti hakuna. Anauliza maumivu yako wapi, yakoje, yanaamka saa ngapi. Anatoa chupa ya mofini ya maji na kumwonyesha binti jinsi ya kuipima. Anasaga vidonge vya metronidazoli na kuwafundisha namna ya kuutumia unga wake kwenye kidonda, maana hiyo ndiyo njia rahisi na ya bei nafuu ya kuipunguza harufu. Anamwachia binti glavu na namba ya simu itakayopokelewa usiku.

Sasa litazame jambo hili, ndugu msomaji. Katika taarifa ya mwisho wa mwaka, watoa huduma hawa wawili wataandika maneno yale yale: mgonjwa mmoja alitembelewa nyumbani. Atakayezisoma taarifa hizo akiwa ofisini, awe ni afisa wa kaunti au mfadhili wa ng'ambo, ataona idadi zinalingana. Yamkini wenye gari watakuwa na idadi kubwa zaidi, kwani kutoa unga huchukua dakika kumi, na kumsikiliza mgonjwa huchukua saa nzima. Hapo ndipo kasoro yetu ilipo. Tunahesabu miguu iliyoingia mlangoni.

Tuhesabu nini basi? Kwa maoni yetu la kwanza, tena la kwanza kwa mbali, ni mofini. Adaiye kuwauguza wagonjwa wa saratani walio mahututi ilhali hana njia ya kuwapatia mofini ni sawa na mwalimu wa hesabu asiyejua kujumlisha. Dawa hii imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha hiyo ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1977. Mnamo mwaka 1986 shirika hilo lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani kwa ngazi: dawa hafifu kwa maumivu hafifu, kali kwa makali, na mofini katika ngazi ya juu. Ikaelezwa kwamba dawa inywewe kwa kinywa pale inapowezekana, na itolewe kwa saa, pasipo kumngoja mgonjwa mpaka apige kelele. Mofini ya maji hukaa mwilini takriban saa nne. Nyumba isiyo na saa ya ukutani yaweza kuzipanga dozi kwa simu ya mkononi, kwa adhana au kwa taarifa ya habari ya redio. Muuguzi hodari huuliza kwanza nyumba ile huijuaje saa.

Wala si dawa ya matajiri. Ni unga unaochanganywa na maji, ukatiwa kihifadhi na rangi ili chupa za nguvu mbalimbali zisichanganyike. Daktari Anne Merriman, aliyekuja kufanya kazi katika Hospisi ya Nairobi ilipoanza mwaka 1990, alikuwa ameijaribu njia hiyo huko Singapore. Mwaka 1993 alihamia Kampala akaanzisha Hospice Africa Uganda, na jirani zetu hao wakapiga hatua ambayo ingefaa kutuonea haya: mwaka 2004 walibadilisha kanuni zao ili wauguzi na maafisa wa tiba waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuandika mofini. Waliona dhahiri kwamba madaktari hawatoshi kufika vijijini, na maumivu hayangojei daktari.

Huku kwetu sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya haikuikataza mofini ya hospitalini, ila ilitia hofu. Mfamasia aliyesoma adhabu zilizomo humo ataona heri kabati likae tupu. Shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa mwaka 2010 kuhusu watoto wa Kenya waliokuwa wakiteseka kwa saratani na ukimwi huku dawa ya kuwatuliza, iliyo rahisi, ikikosekana katika hospitali nyingi za umma. Hali imesogea tangu wakati huo, kwani vitengo vya huduma hii vimefunguliwa katika hospitali kadhaa za serikali. Lakini swali la kumwuliza mtoa huduma ye yote halijabadilika: mofini yako unaipata wapi, na mara ya mwisho kuikosa ilikuwa lini?

Kuna na swali la pili linalofuatana na hilo, ambalo mtu asiye daktari aweza kuliuliza bila woga. Je, unapotoa mofini hutoa na dawa ya kulainisha choo? Mofini hufunga choo karibu kila mara. Anayetoa moja bila nyingine hakuyamaliza masomo yake, au aliyamaliza lakini hajapata kurudi nyumbani kwa mgonjwa kuona kilichotokea. Swali dogo, nalo hufichua mengi.

Fauka ya dawa, kuna usiku. Wahenga walinena kwamba anayelala na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo ya mgonjwa. Ofisi nyingi hufungwa saa kumi na moja jioni, nayo maumivu, kichomi na hofu hufunguliwa saa hiyo hiyo. Zamani tungesema ni shida isiyoepukika, muuguzi angejuaje? Leo kila kichochoro cha Kibera kina simu. Njia nyepesi ya kuipima hospisi ni kuipigia saa nane za usiku. Hatumaanishi kwamba mtu atoke Kenyatta aende Laini Saba gizani. Hakuna mwenye akili atakayemtaka muuguzi wa kike afanye hivyo. Twamaanisha sauti ya mtu anayejua, itakayomwambia yule binti: mwongezee dozi kiasi hiki, mgeuze ubavu, pumzi hiyo inayokoroma haimuumizi, nami nitafika asubuhi.

Na kuna ukweli. Hapa ndipo wengi wa watoa huduma wetu wema huteleza, na sisi jamaa tukateleza pamoja nao. Ganga ganga za mganga humwacha mgonjwa na matumaini, na methali hiyo tumeigeuza ruhusa ya kusema uongo. Mama anaambiwa atapona, jamaa wanakopa, wanauza ng'ombe na shamba, wanampeleka hospitali ya tatu na ya nne. Akifa, deni linabaki, na hakuna aliyemwuliza watoto wake alitaka walelewe na nani. Lau angalijua mapema, pengine angalitaka kurudi kwao akiwa bado aweza kuketi kwenye basi. Kila mkazi wa Kibera anaijua hesabu hii chungu: nauli ya aliye hai ni ya abiria mmoja, ilhali kuusafirisha mwili hadi Siaya au Kakamega huhitaji jeneza, gari la kukodi na harambee ya wiki mbili. Mhudumu mwema si yule anayebwata habari mbaya mlangoni. Ni yule anayemwuliza mgonjwa anajua nini, angependa kujua nini, na amwite nani akae karibu wakati wa kuambiwa. Kisha habaki na matumaini ya uongo, bali humpa mengine madogo ya kweli: kwamba hatalala akilia, kwamba mwanawe ataonana na mjomba kabla ya mambo kuharibika.

Cicely Saunders, aliyefungua Hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya namna nne kwa pamoja, yaani ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho, na kwamba kuyatibu ya mwili peke yake ni kuacha kazi katikati. Walimu waliopata kumwona mtoto akikosa kusoma kwa sababu ya fujo za nyumbani hawahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Yamkini msomaji atauliza: mambo ya moyo na roho yatapimwaje? Si mtihani wa kuchagua jibu A, B au C. Ajabu ni kwamba yamekwisha kupimwa, na hapa hapa Afrika. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, kilichoasisiwa Arusha mwaka 2004 na chenye makao yake Kampala, kilitengeneza kipimo chenye maswali kumi tu, kikakijaribu Uganda na Afrika Kusini. Saba huulizwa mgonjwa, kuhusu siku tatu zilizopita: maumivu, dalili nyingine kama kichefuchefu au kikohozi, wasiwasi juu ya ugonjwa, kama ameweza kuwaeleza jamaa au rafiki yaliyo moyoni, kama ameona maisha yana thamani, kama ana amani, na kama jamaa wamepata msaada wa kutosha kupanga ya mbeleni. Matatu huulizwa anayemwuguza: kama ameelezwa vya kutosha, kama anajiamini kumtunza, na kama alikuwa na wasiwasi. Kila jibu ni kuanzia sufuri hadi tano, na asiyejua kusoma hujibu kwa vidole vya mkono. Ngumi ni sufuri.

Tunakipenda kipimo hiki kwa sababu moja kubwa: anayetahini ni mgonjwa. Si mkaguzi kutoka makao makuu, wala si mgeni aliyeletwa kuonyeshwa. Na yaonekana kwetu kwamba hospisi ye yote inayowauliza wagonjwa wake maswali hayo kumi leo, ikayauliza tena wiki ijayo, na kuandika kama vidole vimepungua au vimezidi, tayari inawapita wengi, hata kama haina gari.

Twafahamu hoja ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa. Watendao kazi hii ni wachache, wamechoka, wengi ni wa kujitolea. Mhudumu wa afya wa kijiji ambaye naye hukaa chumba cha futi kumi kwa kumi ana haki ya kusema, "Mnataka kunikagua, nanyi hamjanipa hata glavu?" Ni kweli. Fomu nyingi zaidi zaweza kumwibia saa ile ile aliyokuwa aketi kando ya kitanda. Ndiyo maana twasema maswali kumi, na hatusemi mia. Lakini uchache wa wema haumpi mtu kibali cha kutenda vibaya, na wanaojitolea kwa dhati ndio wanaokerwa zaidi na wale waliolifanya jambo hili kuwa biashara ya picha.

Wala isidhaniwe kwamba kipimo ni kile kile milele. Baba Angelo D'Agostino, Mjesuti na daktari, alipoanzisha makao ya Nyumbani huko Karen mwaka 1992 kwa watoto waliotupwa wakiwa na virusi vya ukimwi, kazi kubwa ya siku hizo ilikuwa kuwatunza watoto ambao wengi hawakutarajiwa kuishi. Mwaka 1998 ukaongezwa mpango wa Lea Toto wa kuwahudumia watoto wakiwa kwao, katika mitaa kama Kangemi, Kawangware na Kibera. Kisha dawa za kupunguza makali zikapatikana, na watoto waliotarajiwa kufa wakakua, wakataka kusoma. Shule za umma zikawakataa. Mwaka 2004 Nyumbani ikaipeleka serikali mahakamani, na milango ikafunguliwa. Pima hapo. Shirika lililoanza kwa kuwauguza watoto waliokuwa wakifa likajikuta likipigania madawati. Lingaliendelea kujipima kwa upole wa mazishi peke yake, watoto hao wangalibaki nje ya lango la shule.

Neno moja kuhusu fedha, kwani haliepukiki. Huduma nyingi za mitaa hii zilijengwa kwa pesa za wageni. Madaktari Wasio na Mipaka walikaa Kibera takriban miaka ishirini, wakaikabidhi kaunti kazi hiyo mwaka 2017. Hao angalau waliaga na kukabidhi. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa tangazo la siku moja, na miradi mingi ya ukimwi nchini ikatikisika kabla wagonjwa hawajapata kuelezwa. Kwa hivyo ni halali kabisa kumwuliza mtoa huduma: mfadhili wako akiondoka kesho, chupa ya wiki ijayo italetwa na nani? Na jibu lisimwendee yeye peke yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 5, inaitaja tiba shufaa kwa jina miongoni mwa haki za kila mtu, sambamba na kinga na uponyaji. Serikali ya kaunti inayotoza ada kila kibanda cha mboga Laini Saba haiwezi kudai kwamba haijui njia ya kufika huko.

Tumrudie yule binti wa miaka kumi na minne. Katika habari zote hizi yeye ndiye muuguzi wa zamu ya usiku, na hakuna aliyemwajiri. Shuleni jina lake lina alama za kutokuwapo, au yupo na amelalia dawati. Huenda ameadhibiwa kwa hilo. Mtoa huduma anayefaa huuliza, katika ziara ya kwanza, ni nani humu ndani ameacha shule ili kumtunza mgonjwa, kisha humtafuta jirani au shangazi wa kushika zamu mchana. Lakini mara nyingi mwalimu ndiye huiona dalili mwanzo, kabla ya muuguzi ye yote kuijua nyumba ile. Mwalimu wa darasa amwite mtoto pembeni, amwulize nyumbani kuna nani anayeumwa, na aandike namba ya simu ya hospisi iliyo karibu katika jalada la daftari la mahudhurio. Kama hajui kuna hospisi ipi, aulize Kenyatta au hospitali ya Mbagathi wiki hii. Ni mwendo wa miguu.